Ngome Aliyoniachia Papa Ngoy

Lubumbashi, Naviundu
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa chini, siyo umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana ni ndefu na mahali pengine itakukera. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia linauma ukipanda kile kilima cha kwenda kanisani, na sikupata nafasi ya kukuuliza kama ulikwenda kumwonyesha daktari au ulipaka tu mafuta ya moto kama kawaida yako. Kahawa imekubali msimu huu? Na usingizi mnaupata? Habari za usalama tunazosikia huku kuhusu upande wetu kila mtu anazisimulia kivyake, kwa hiyo mimi nangoja zako.

Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni kiangazi, baridi ya asubuhi inatuvalisha makoti kama watu wa milima yetu, na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sukari.

Sikukupigia simu kwa sababu nakujua. Unaiweka kwenye sauti kubwa, na nyumba nzima pamoja na majirani wanasikia. Barua hii nimempa mke wa mchungaji wetu, anayerudi Butembo kwa kupitia Uganda, na nimemwomba aiweke mkononi mwako, siyo mkononi mwa mtu mwingine yeyote. Utaona pia hapo juu nimeandika Naviundu na siyo Bel-Air kwa mjomba. Nina sababu, na nataka uijue kutoka kwangu kabla kaka yako hajakueleza kwa namna yake.

Unajua kwamba Jumamosi mchana nikishafunga depo, ghala la bidhaa la mjomba, naenda kucheza sataranji, ule mchezo nilioupenda tangu sekondari, wa mfalme na malkia na farasi wa mbao. Klabu yetu inakutana Makomeno, katika darasa moja la shule. Usidhani ni mabingwa. Kuna walimu, kuna dereva wa lori, kuna mama wa duka la dawa, na kila mmoja anacheza kadiri ya uwezo wake. Mjomba aliudharau mchezo huo tangu siku ya kwanza niliyofika kwake. Aliuita kazi ya watu wasio na kazi. Nikirudi jioni alikuwa ananiuliza mbele ya wageni kama farasi wangu wamenunua mifuko mingapi ya unga.

Mwaka huu klabu ilifanya mashindano. Mshindi angetumwa Kinshasa kuchezea mji wetu dhidi ya watu wa miji mingine. Mimi, Mama, nilishinda mchezo baada ya mchezo mpaka nikabaki na mtu mmoja tu mbele yangu. Nilirudi Bel-Air nikiwa na furaha, nikamwambia mke wa mjomba jikoni, naye akaenda kumwambia mumewe sebuleni.

Hapo ndipo mambo yalianza kunitia shaka. Nilitegemea mjomba acheke. Hakucheka. Aliniita, akanikalisha, akaniuliza fainali ni lini na nitacheza na nani. Nilipomwambia ni Papa Ngoy, alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari nzuri ya bei ya sukari. Kesho yake alinunua sanduku la safari, jekundu, la magurudumu, akaliweka chumbani kwangu. Juma hilohilo mke wake alinipeleka kwa fundi cherehani, nikashonewa nguo za vitambaa vizuri mno, vya kwenda harusini, siyo vya kwenda kukaa mbele ya ubao wa sataranji. Nilimuuliza ni vya nini. Akasema Kinshasa watu wanavaa. Lakini hakunitazama alipokuwa anasema.

Nikaanza kusikiliza. Simu ya mjomba ikilia kutoka Kinshasa, alikuwa anatoka nje mpaka getini. Zamani alikuwa anaongea palepale mezani, akipiga kelele kuhusu malori yaliyokwama njiani.

Huko Kinshasa, Mama, anakaa Bwana Désiré, yule anayepokea bidhaa za mjomba. Alifiwa na mke wake. Alikuja huku safari moja, akaketi depo mchana kutwa, akaniuliza kama najua kupika samaki wa kwao, na kama ninapenda watoto wa watu wengine. Baada ya hapo mjomba aliniambia niende Kinshasa nikamsaidie hesabu. Nilikataa. Akarudia tena, nikakataa tena, na sote wawili tulijua nilikuwa nakataa nini. Kwa hiyo nilipoliona lile sanduku jekundu nilijiuliza, lakini nikajikemea mwenyewe. Nilijiambia, Kavugho, mjomba wako hawezi kukushindia sataranji. Mchezo ni wako, ukishinda ni wewe umeshinda.

Sasa nikueleze Papa Ngoy ni nani. Ni mtu wa hapa kabisa, baba yake na babu yake walifanya kazi mgodini, naye ni fundi umeme. Depo yetu inamjua, kwa sababu jenereta ikikataa kuwaka ni yeye tunayemwita. Ni mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, na ana binti mmoja, Solange, aliyemaliza masomo ya biashara na hajapata kazi. Kwenye ubao hana upole. Nimecheza naye Jumamosi nyingi. Anakaba kila kitu, hakupi hata askari mmoja wa mbele bila kukutoza. Nimemshinda mara chache sana, na kila mara nilirudi nyumbani na kichwa kinauma.

Siku ya fainali darasa lilijaa. Madawati yalisukumwa ukutani, watu wakasimama nyuma yetu, na mwamuzi wetu, Mesye Gaston, mwalimu wa hesabu, akaweka saa ya mchezo katikati. Tulipeana mikono. Mkono wa Papa Ngoy ulikuwa umelowa jasho, na nimekwambia ni baridi huku.

Mwanzoni alicheza kama kawaida. Halafu akarudisha farasi wake mahali alipotoka, bila sababu yoyote. Nikasema moyoni, ananivuta, anataka nije mbele anikate. Nikawa mwangalifu. Nikasogea kidogo tu. Naye akacheza haraka bila kuutazama ubao, akaiacha ngome yake wazi mbele yangu. Ngome, Mama, ni ile inayosimama pembeni, huku wanaiita tour, na baada ya malkia hakuna inayoizidi nguvu. Kumpa mtu ngome bure ni kama kuacha depo wazi ukaenda zako kunywa chai.

Nilikaa muda mrefu bila kugusa kitu. Nilitafuta mtego. Nilipita kila njia, nikila hivi atafanya nini, nikila vile atafanya nini, na saa yangu inatembea, na watu nyuma yangu wanaguna kwa sababu wote walikuwa wameiona ile ngome. Hapakuwa na mtego. Nikainua macho nimtazame. Papa Ngoy alikuwa anatazama dirisha.

Basi vyote vilinijia kwa pamoja, Mama: sanduku, vitambaa, simu za getini, na namna mjomba alivyotikisa kichwa aliposikia jina la Ngoy. Sikuila ile ngome. Nilisogeza askari mmoja upande mwingine kabisa, nione atafanya nini. Mtu aliyekosea kwa bahati mbaya angeiokoa ngome yake na kushukuru Mungu. Yeye aliiacha palepale, halafu akamleta malkia wake mbele ya farasi wangu, amle.

Sheria hazituruhusu kuzungumza katikati ya mchezo, isipokuwa kuomba sare. Nikamwomba sare. Akatikisa kichwa kukataa. Kisha akainama kama anayefuta miwani, akaniambia polepole:

“Shinda tu, mama. Juu ya nini unanitesa?”

Nilisimama. Nikamwambia Mesye Gaston naenda kunywa maji, nikaiacha saa yangu itembee. Kwenye baraza la shule kuna ndoo ya maji yenye mfuniko. Nilikuwa bado nimeshika kikombe nilipomwona Papa Ngoy naye ametoka. Alisimama mbali nami kidogo, kama mtu anayengoja zamu.

Nilimuuliza mjomba wangu alimwambia nini. Hakukana. Alisema mjomba alimwita depo kutazama jenereta, na jenereta ilikuwa haina tatizo lolote. Mjomba alimweleza kwamba safari hii ya Kinshasa itanifaa sana mimi, kwamba mimi ni mtoto wa dada yake na nimeteseka. Na kama Ngoy, mtu mzima, ataacha kijana apite mbele, basi Solange atapata kazi depo.

“Kazi gani?” nikamuuliza. “Depo hatuna nafasi.”

“Alisema place iko,” akajibu. “Ya kukaa mbele, kupokea bantu na kuandika vintu vyenye vinatoka. Alisema kuanzia mwezi wenye kuja hakutakuwa muntu pale.”

Mama, anayekaa pale mbele ni mimi. Ni kiti changu, na kalamu yangu, na sweta yangu inaning'inia nyuma ya kile kiti mpaka leo.

Nilimwambia hivyo. Papa Ngoy alivua miwani yake. Nadhani alikuwa hajawahi kujiuliza, au hakutaka kujiuliza. Alisema kwa sauti ndogo sana:

“Mi sikujua ni ya kwako. Alisema unaenda kuolewa, na wewe mwenyewe unapenda.”

Ndani watu walikuwa wananong'ona, na Mesye Gaston alitoa kichwa mlangoni akatukumbusha kwamba saa inatembea. Kwa hiyo hata ningeshinda kwa jasho langu, nilikuwa nimeshauzwa. Na nikishinda kwa ngome ya kupewa, nilikuwa nimesaidia kujiuza. Nilifikiri nimwambie mwamuzi kila kitu. Lakini Papa Ngoy angefukuzwa klabuni mbele ya watu aliocheza nao tangu ujana, na mjomba angekuwa Bel-Air anakula chakula chake bila kusumbuliwa na mtu.

Nikamwambia Papa Ngoy kwamba ninarudi ndani kuomba sare tena, na safari hii akubali. Kwetu sare ya fainali inafuatwa na mchezo wa pili, wa haraka. Nikamwomba katika huo acheze kama Ngoy ninayemjua. Akaniuliza, bila hasira, na mutoto yake je? Nilimwambia ukweli kwamba sina cha kumpa. Alivaa miwani yake, akatangulia kuingia.

Watu walishangaa tulipokubaliana sare huku ngome yake na malkia wake wako wazi. Mwenzetu dereva alisema kwa sauti kwamba hapa kuna kitu. Mesye Gaston alitutazama sote wawili kwa muda, na niliona kwamba naye ananusa jambo, lakini aliandika sare, akapanga vipande upya.

Mpaka tunaanza mchezo wa pili nilikuwa simwamini. Kila alipogusa kipande nilijiuliza, hiki ni cha kweli au ni cha kunipa? Ni taabu kubwa kucheza hivyo, kwa sababu hujui tena kama akili ni yako. Lakini alikaba. Alinifungia njia moja, halafu nyingine. Nilipata nafasi nzuri upande wa mfalme wake, nikaisukuma, nikawa mbele kabisa, na nikaanza kuamini kwamba nitashinda kwa haki. Halafu farasi wake akaruka mahali ambapo sikuwa nimepatazama, akamtishia mfalme wangu na malkia wangu kwa pamoja. Mfalme lazima aokolewe. Malkia akaenda.

Nilitazama uso wake. Safari hii alikuwa anautazama ubao kwa macho makali, kama anavyoitazama jenereta iliyokufa. Ilikuwa ni kweli. Nikalaza mfalme wangu, nikampa mkono, na mkono wake ulikuwa umekauka. Iliniuma, sikufichi. Nilitaka kwenda Kinshasa. Ndoto ilikuwa yangu kabla mjomba hajaishika.

Kwa mjomba sikuitaja ahadi yake siku hiyo. Nilimwambia nimeshindwa, akaniangalia kama mtu aliyeletewa lori tupu, akatoka na simu yake kuelekea getini. Kesho yake baada ya ibada tulikuwa mezani, bukari, ugali wa huku, na samaki, yeye na mke wake na mimi. Nilimuuliza kwa heshima kama ni kweli kiti changu depo amemwahidi mtu.

Aliuliza ni nani aliniambia. Nikasema hilo si jibu. Mke wake akaacha kula. Mjomba alimchambua samaki wake taratibu, akatoa mwiba, akauweka pembeni ya sahani, ndipo akaanza kusema kwamba mimi sijui kinachonifaa, kwamba Bwana Désiré ni mtu wa sala na mwenye nyumba, kwamba nilikataa kwenda kwa mlango wa mbele ikabidi anitafutie mwingine. Alisema mchezo wangu ungenifikisha kule Kinshasa kwa furaha, bila machozi, na kwamba alifanya hivyo kwa upole. Naamini yeye mwenyewe anaamini. Halafu akasema neno ambalo ndilo linaloniandikisha barua hii:

“Mama yako anajua yote.”

Sikumaliza chakula. Sikugombana naye, Mama, usije ukaambiwa nilimtukana. Niliosha sahani yangu, nikakusanya nguo zangu katika ule mfuko niliokuja nao kutoka nyumbani, na sanduku jekundu nikaliacha pale lilipo pamoja na vile vitambaa. Mke wa mjomba alinisindikiza mpaka njiani. Alilia kidogo. Hakusema kama uamuzi wangu ni mbaya wala mzuri, na sijui kama alilia kwa ajili yangu au kwa sababu ataulizwa kwa nini aliniacha nipite.

Sasa nakaa hapa Naviundu kwa Mama Masika, yule wa kutoka Lubero anayeuza maharage kwa jumla, mliyesali naye zamani. Ana chumba cha nyuma, karibu na mto. Ninamsaidia kupokea mizigo na kupimia wateja, na ananitendea vizuri, ingawa naye namtazama. Siku hizi namtazama kila mtu. Akinipa kipande kikubwa cha nyama najiuliza anataka nini. Ni tabia mbaya, najua, na sikutoka nayo kwenu.

Papa Ngoy alikuja hapa na Solange kunisalimia. Solange ni binti mrefu, anasema moja kwa moja. Alisema baba yake alimweleza mambo yote, na mjomba alimtumia habari kwamba kiti bado kiko wazi, hata sasa. Amekataa. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo anajua mwenzake aliondolewaje. Nikamkaangia mayai. Papa Ngoy anakwenda Kinshasa hivi karibuni, na ameniomba nimzoeze. Kwa hiyo Jumamosi tunakaa darasani kulekule Makomeno, na ananipiga, na mara mojamoja ninampiga. Mesye Gaston hajauliza kitu mpaka leo, lakini tukianza kucheza anavuta kiti chake karibu.

Sasa Mama, nikuulize na unijibu. Ulijua? Nimezigeuza simu zetu zote kichwani mwangu. Nakumbuka uliniuliza kama Kinshasa kuna joto, wakati mimi sikuwa nimekutajia Kinshasa. Nakumbuka ulisema mtu akifiwa na mke anajua thamani ya mke. Labda ni maneno tu ya mama na mtoto, na mimi nimekuwa mtu wa kutafuta mtego hata pasipo na mtego. Labda mjomba alitumia jina lako kama alivyotumia langu mbele ya Papa Ngoy. Nataka sana iwe hivyo. Lakini sitaki kujidanganya, ndiyo maana nauliza.

Nisalimie kaka mkubwa na mke wake, na yule mtoto wao mchanga ambaye sijambeba. Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie koti lake la sufu ndilo linaloniokoa na baridi ya huku. Nisalimie mama yangu wa ubatizo na shangazi wa sokoni, na kiongozi wa kwaya, mwambie sauti yangu bado ipo. Na ukipita kaburini kwa Baba, ng'oa majani kwa niaba yangu.

Kama ulijua, niandikie kwamba ulijua. Nitakasirika, halafu nitaendelea kuwa mtoto wako, kwa sababu sina namna nyingine ya kuwa. Kama hukujua, niandikie vilevile. Ila andika kwa mkono wako mwenyewe, na usimpigie kwanza kaka yako kumuuliza unijibu nini.

Ni mimi binti yako, ninayekuwaza kila siku,

Kavugho